Jivu, Vifuu na Kipande cha Bafta

Baba alikufa miche yake ya nyanya chungu ikiwa na majani mawili mawili. Alikuwa ameisia kitaluni mvua za kwanza zilipogusa ardhi, akaijengea kijipaa cha makuti, na siku chache baadaye tukamzika. Watu waliojaa msibani walikiona kile kitalu ubavuni mwa nyumba wakakizunguka kwa adabu. Hakuna aliyekikanyaga, na kwa hilo nawashukuru mpaka leo.

Nyanya chungu zenyewe hazikuwa na sura ya kumtamanisha mtu. Zilikuwa ndogo, zina michirizi ya kijani, na ukizila uchungu wake unabaki kooni mpaka umalize kuosha vyombo. Mbegu ilikuwa ya bibi yangu wa Milola, mama yake baba. Baba alihama nayo alipokuja Kilwa Masoko kutafuta maisha, na tangu hapo kila mwaka aliacha nyanya moja iive mpaka iwe nyekundu kabisa, akaikamua mbegu, akaianika juu ya gazeti, akaitia kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi. Sokoni zipo nyanya chungu kubwa, nyeupe, wala si chungu kihivyo. Ukimwambia anunue mbegu za dukani, anakutazama kama umemtukania mama yake. Mwaka ule kichupa kilikuwa na mbegu kidogo tu, kwa sababu mavuno ya nyuma yalikuwa mabaya, naye akaimimina yote kitaluni.

Mimi ni fundi cherehani, nilikuwa na kibanda changu Lindi mjini. Matanga yalipoanuliwa nilikifunga, nikapakia cherehani kwenye basi, nikaja kukaa na mama mpaka atoke eda. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki nje ya ua, hajipambi, hajitii manukato, na wanaume wasio maharimu wake hawamwoni. Nilidhani kazi yangu itakuwa kupika, kupokea wageni na kukaa naye akitaka kulia. Bustani sikuiwaza hata kidogo.

Bustani ya baba haikuwa ndani ya ua. Ilikuwa ubavuni, upande wa njia ya watu waendao msikitini na sokoni, chini ya dirisha la chumba cha mama. Kwa hiyo mama aliitazama kutwa nzima, ila kuigusa hapana.

Asubuhi moja, baada ya mvua iliyonyesha usiku kucha, aliniita kwa sauti iliyonifanya niache chai motoni.

"Nenda kaangalie miche ya baba yako."

Kitalu kilikuwa kimenyolewa. Upande mmoja wote ulibaki vijiti vifupi visivyo na jani, na juu ya udongo ute ulikuwa umekauka, unang'aa. Mama alikuwa ameshika nondo za dirisha.

"Konokono?"

"Konokono, mama."

"Wamekula yote?"

"Upande mmoja."

Akaegemeza paji la uso kwenye nondo. "Hiyo ndiyo mbegu yote. Hamna nyingine popote. Nilimwambia bakisha kidogo, akaniuliza anambakishia nani."

Alilia pale pale dirishani bila kujificha, na mtu aliyekuwa akipita njiani akageuza uso. Alipotulia ndipo akaniambia anachotaka. Hakutaka kuliwazwa, watu walikuwa wamemliwaza mpaka wamechoka wao. Alitaka siku atakayotoka eda azunguke nyumba kwa miguu yake, achume nyanya ya mbegu kwa mkono wake, aikamue na kuianika kama mume wake alivyokuwa akifanya.

"Nikilipata hilo tu," alisema, "nitaweza kukaa katika nyumba hii bila yeye."

Basi nikaingia bustanini. Niseme ukweli wangu, mimi na vitu vitelezi hatujawahi kupatana. Nikimwona konokono shingo inanisisimka. Na mama naye hakuwa mtu wa bustani, kwa sababu baba hakumruhusu hata kupalilia, akidai anang'oa miche na kuacha magugu. Lakini alikuwa amemtazama kupitia dirisha lile lile miaka yote ya ndoa yao, na sasa alinielekeza neno kwa neno.

Kwanza aliniambia niondoe rundo la makumbi na makuti mabovu kando ya uzio, maana huko ndiko walikokuwa wakilala mchana. Niliwakuta wamejazana humo, wakubwa, magamba ya kahawia, kila mmoja ukubwa wa ngumi ya mtoto. Chini yao walikuwapo koa, wale wasio na nyumba, weusi, wamejibana kwenye unyevu. Nilipiga yowe. Mama akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu msiba, na mara akajifunika mdomo kwa kanga.

Kisha akanifundisha maji. Siku zisizo na mvua nimwagilie asubuhi, si jioni, ili usiku ukiingia udongo uwe umekauka juu na wao wasipate pa kuteleza. Halafu vifuu. Unachukua kifuu cha nazi, unakilaza kifudifudi, unaacha upenyo mdogo, na ndani unaweka ganda la papai. Usiku wanaingia kula, jua likichomoza wanaona hapo hapo panafaa kulala. Asubuhi unafunua kimoja kimoja.

"Umebisha hodi?" mama aliniuliza siku ya kwanza.

"Hodi kwa nani?"

"Kwa wenye nyumba. Baba yako hafunui bila hodi."

Ni kweli, nikakumbuka. Alikuwa akirudi msikitini alfajiri, anainama, anagonga kifuu kwa kidole, "Hodi wenyewe," ndipo anafunua. Mama alitaka nifanye vile vile. Nikinong'ona ananiambia hanisikii. Nikawa nabisha hodi kwa sauti, mwanamke mzima, na moyoni najisemea kwamba nikimaliza eda hii nitapelekwa kwa daktari wa vichaa.

Niliwaokota mkono nimeuvika mfuko wa mkate, nikawatumbukiza kwenye ndoo ya maji ya sabuni ya unga, nikafunika, kisha nikawafukia kwenye shimo mbali na mboga. Mikono nilinawa kwa sabuni hata kama sikuwagusa, na mboga za bustani ile tuliziosha vizuri na kuzipika zikaiva, kwa sababu ute wao si wa kuchezea. Jua likizama natoka tena na tochi kuwawahi wale wenye haraka. Kuzunguka kila mche nilimwaga jivu la jikoni, na juu ya jivu maganda ya mayai niliyoyaponda. Mvua ikinyesha jivu linakwisha, namwaga jingine.

Watu walitaka kutusaidia njia za mkato. Mdogo wake baba alituletea punje za bluu za sumu ya konokono kutoka duka la pembejeo, akaziacha barazani. Mama akanituma nimrudishie kwa shukrani nyingi: kuku watazidonoa, na watoto wa jirani wanaokuja kuokota mapapai watadhani ni peremende. Jirani naye akaleta chumvi ya mashambani, nusu gunia. Hiyo tuliipeleka jikoni. Chumvi bustanini inaua konokono leo, kesho inaua na ulichokuwa unakilinda.

Pamoja na yote hayo tulishindwa zaidi ya tulivyoshinda. Nilipohamisha miche kutoka kitaluni mvua ikakaza, ikanyesha siku nyingi bila kupumua. Jivu likawa uji. Vifuu vikaelea. Kila asubuhi nilikuta mche mwingine umekatwa shingo, na kila asubuhi ilinibidi niinue uso nimwambie mama dirishani. Mwisho ulibaki mmoja, ule wa karibu na ukuta. Nilikaa chini kwenye matope nikalia kwa kwikwi. Nilikuwa namlilia baba, ambaye sikuwa nimepata nafasi ya kumlilia kwa sababu ya kupika chai za wageni.

"Mmoja unatosha," mama akasema juu yangu. "Hata yeye alikuwa mmoja."

Mche ule tuliulinda kama mtoto njiti. Ungepita njiani ungeuona: umezungukwa na duara la jivu jeupe, juu ya jivu mayai yaliyopondwa, vifuu vimepangwa pande zote vimelala kifudifudi, na jua likizama mwanamke anachutama hapo, anagonga vifuu na kusema maneno. Nyumba yenyewe ya msiba, ina mjane ndani. Kwa watu wa kwetu hayo yanatosha na kubaki.

Neno likaanza kutembea kwamba tumeweka kago. Kago ni dawa inayotegwa shambani kuzuia wezi. Wanasema atakayegusa kilichokagwa atavimba tumbo, au atazunguka hapo hapo mpaka mwenyewe aje amfungue. Nikaona watu wameanza kupita upande wa pili wa njia. Nikaona mapapai yetu yanaiva mtini, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mwanamke mmoja alinisimamisha bombani akaniuliza, eti, fundi wetu, yaani mganga, tulimtoa wapi. Nilipomsimulia mama, alicheka mpaka akakohoa.

"Waache. Angalau mwaka huu nitakula papai lililoiva."

Tukacheka wote wawili, yeye ndani na mimi nje. Konokono walikuwa wamepungua sana, mvua zimelegea, mche unapanda. Zilikuwa siku nzuri, ukitoa kwamba baba hakuwapo.

Mche ulichanua. Nyanya za mwanzo ziliozea mtini kwa unyevu, lakini moja ilishika vizuri chini ya jani pana, ikanenepa, na mwezi wa mwisho wa eda ikaanza kupiga wekundu upande wa jua. Baba alikuwa na desturi ya kufunga kitambaa kwenye kikonyo cha nyanya ya mbegu ili mtu asiichume kwa kupika. Nikamuuliza mama nifunge rangi gani, maana karibu na cherehani yangu vipande vimejaa.

Mama akaingiza mkono chini ya mto wake akatoa kipande cha bafta. Kilikuwa kimebaki wanawake walipokata sanda ya baba, na sikujua kwamba alikuwa amekilalia muda wote huo. Alichana ukanda mwembamba kwa meno, akanipitishia kati ya nondo.

"Mama, vitambaa vipo tele."

"Hivyo si vya kwake."

Nikaenda kuufunga. Nilirudi ndani nikakaa nyuma ya cherehani nisishone chochote.

Shangazi, dada yake baba, alifika kutoka Kiswere siku moja kabla ya mama kutoka eda. Nyumbani kwetu wifi ndiye anayemtoa wifi yake: anamwogesha, anamvika kanga mpya, anamshika mkono mpaka nje. Alikuja na kikapu cha samaki wakavu, doti ya kanga aliyoichagua kwa wiki nzima, na macho yaliyovimba kwa kulia garini. Alimpenda kaka yake kupita kiasi. Alikuwa mtu wa swala na mtu wa aibu, na yanayosemwa na watu yalikuwa yanamnyima usingizi. Jioni ile alikwenda bombani kuteka maji ya udhu, akachelewa kurudi. Aliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye mswala, nami nikadhani ni msiba tu.

Alfajiri nilitoka mapema kuwahi samaki wabichi ferini. Niliporudi nikakuta moshi ubavuni mwa nyumba. Shangazi alikuwa amesimama kando ya moto wa makumbi, ufagio mkononi. Pale chini ya dirisha palikuwa pamefagiwa, ardhi tupu ina mistari ya ufagio. Vifuu vilikuwa motoni. Karibu na ukuta kulikuwa na kishimo cha udongo mbichi.

"Shangazi, umefanya nini?"

Akanivuta kando. Midomo yake ilikuwa bado inasoma.

"Nimewasitiri, mwanangu. Watu wanasema wifi yangu ameweka kago. Wapo wanaosema na kaka yangu hakufa hivi hivi. Sikuamini, nikasema kabla hapajakucha nikaone mwenyewe. Nimekuta duara la unga, mayai yamevunjwa, vifuu vya dawa. Na katikati ndulele! Ule mti wa waganga, na tunda lake limefungwa sanda. Sanda ya kaka yangu, mwanangu." Akafuta uso. "Nimesoma Ayatul Kursiy, nimeung'oa na mizizi, nimechoma vyote. Mama yako usimwambie neno. Mtu akiwa na msiba shetani humchezea. Mimi sitamsema kwa yeyote."

Ndulele ni mmea wa porini, na matunda yake machanga yana michirizi ya kijani kama nyanya chungu za bibi. Gizani, mtu mwenye hofu hawezi kuzitofautisha. Hayo nayajua sasa. Wakati ule nilitaka kumshika mabega nimtikise. Nilichukua kijiti nikachokoa moto, nikaikuta ile nyanya imepasuka, na mbegu zake zimeungua zimeshikana kama ukoko.

Nikainua macho. Mama alikuwa dirishani, tasbihi mkononi, ametoka kumaliza nyiradi zake. Sijui alikuwa amesikia kiasi gani. Aliangalia moto, akaangalia kishimo, akamwangalia wifi yake aliyekuwa amempa mgongo anajifuta machozi. Kisha akaniangalia mimi, akatikisa kichwa pole pole. Nisiseme.

Shangazi alimwogesha, akamvika kanga mpya, akamshika mkono akamtoa. Wanawake walisoma dua. Mama aliomba azungushwe nyumba, wakamzungusha, na alipofika ubavuni akasimama juu ya ile ardhi iliyofagiwa, muda mrefu kidogo kuliko panavyostahili mahali patupu.

"Pamekuwa pasafi," akasema. "Ahsante, wifi."

Nilimfuata chumbani, nikafunga mlango, nikamuuliza kwa hasira kwa nini hasemi. Nilikuwa nalia. Nilimwambia asiposema yeye nitasema mimi, mbele ya wote, na yule mama wa bombani awepo.

"Amempoteza kaka yake mwaka huu," mama akanijibu. Alikuwa anakunja nguo zake za eda, anazibana mikunjo kwa kiganja. "Unataka nimwambie amechoma na mbegu ya mama yake?"

Nikatoka kwenda kuwapakulia wageni.

Alasiri watu walipopungua, shangazi alifunga kikapu chake akaja kukaa mkekani na mama, wakisubiri gari la kurudi Kiswere. Alikuwa mwepesi sasa, kama mtu aliyetua mzigo. Alimshika mama goti.

"Wifi, nina ombi moja. Ile mbegu ya nyanya chungu ya mama. Kwangu ilipotea zamani, na kila nikija huku nasema nitamwomba kaka, nasahau. Nigawie hata chembe chache nikapande. Niwe naziona namkumbuka yeye na mama."

Mama alimtengenezea shangazi mtandio begani, ingawa ulikuwa umekaa sawa.

"Mwaka huu hatukupata, wifi," akasema. "Konokono walizimaliza."

Shangazi akasonya kwa uchungu, akawalaani konokono na kizazi chao. Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe mwanangu ulikuwepo hapa muda wote. Hukuweka hata jivu?"

Mama aliniangalia. Nikasema sikujua.

Shangazi akanisogelea, akachora duara kwenye mkeka kwa kidole, na mpaka gari lake lilipopiga honi alikuwa akinifundisha jinsi ya kuuzungushia mche jivu.